Mfuko wa Dharura: Nidhamu ya Askari Iingie Nyumbani

Askari aliyefunzwa vema huweza kuamshwa saa nane ya usiku, taa zote zimezimwa, na katika dakika chache akawa amevaa, amefunga buti zake na shanta liko begani. Hana macho ya paka. Siri yake ni kwamba kila kitu chake kina mahali pake, na mahali hapo hapabadiliki: chupa ya maji upande mmoja, koti la mvua juu, soksi kavu katikati, bandeji katika mfuko ule ule wa kila siku. Mkono unajua njia hata kama jicho halioni.

Lakini katika nyumba nyingi za askari hao hao mambo huwa kinyume. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza kimo sandukuni, cha wa pili kiko kwa bibi yake kijijini, kadi ya kliniki imewekwa chini ya godoro, na tochi haina betri. Baba yuko zamu, au amepelekwa mbali kikazi. Hatari ikibisha hodi usiku huo, mama ndiye atakayekuwa kamanda wa nyumba, naye hajui aanze kushika nini. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari hiyo ni mfuko mmoja uliofungwa mapema, na ukafungwa kwa akili.

SOMO LA KAMUKUZI NA NAKIVALE

Wakazi wa Kamukuzi, katika mji wa Mbarara, hawana haja ya kuhadithiwa habari za kukimbia nyumba. Mwezi Septemba 1972 mji wao ulishambuliwa na wapiganaji waliovuka mpaka kutoka Tanzania kwa nia ya kumwondoa Idi Amin. Februari 1979, wakati wa Vita vya Kagera, mji huo ulitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, na majengo mengi yakaharibiwa. Miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa Oktoba 1978, zamu ya kukimbia ilikuwa ya wananchi wa upande wa Tanzania, majeshi ya Amin yalipoingia katika Mkoa wa Kagera. Watu waliacha mashamba, mifugo na chakula kikiwa jikoni, wakaelekea kusini.

Kusini-mashariki ya Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro, iko makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Yamekuwapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa katika Afrika. Waliotangulia kufika walikuwa Wanyarwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na leo makazi hayo yana watu zaidi ya 150,000. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni na kisimani.

Familia inayofika huko mikono mitupu haiachwi hivyo. Hupewa turubai, blanketi, mkeka, sufuria, jerikeni na sabuni, kisha huonyeshwa kipande cha ardhi cha kujenga. Vitu hivi ni vya lazima, na vikikosekana watu huteseka. Hata hivyo vina sifa moja: vinaweza kutolewa tena na mtu mwingine. Viko vingine ambavyo hakuna bohari duniani linalovihifadhi. Hakuna atakayempa mama cheti cha shule cha binti yake kilichoungua. Hakuna atakayejua mgonjwa wa kisukari alikuwa akitumia dawa gani na kwa kipimo gani. Wala hakuna atakayejua jina la baba wa mtoto wa miaka mitatu aliyeokotwa njiani, anayejua kusema "mama" tu.

Hapa ndipo ilipo kanuni ya kwanza ya kufunga mfuko wa dharura. Kabla ya kutia kitu chochote, mtu ajiulize: je, kitu hiki nikikipoteza, yuko atakayeweza kunipa kingine? Kile ambacho jibu lake ni hapana, ndicho kitangulie.

MTOTO KABLA YA MZIGO

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka karibu na mji wa Goma, mashariki ya Kongo. Watu walikimbia gizani, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka wa Rwanda. Katika msukosuko huo watoto zaidi ya 150 walitengana na wazazi wao. Siku tano baadaye wakuu wa serikali waliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakajaa barabarani tena.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mfuko wa dharura hakimo mfukoni, kimo mwilini mwa mtoto. Ni kipande cha kitambaa chenye jina lake, majina ya baba na mama, mahali wanapotoka, na namba ya simu ya jamaa anayeishi mji mwingine. Kiandikwe kwa wino usiofutika na kushonwa ndani ya nguo, kisionekane na kila mpita njia. Mtoto mwenye umri wa kutosha na afundishwe kuyasema hayo yote kwa moyo, kama anavyofundishwa kuhesabu. Wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao mojawapo ni kuunganisha jamaa waliopotezana, huweza kufanya mengi kwa jina kamili. Bila jina kazi yao huwa ngumu mno.

Pili ni karatasi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, kadi za chanjo, hati za shamba, na kwa mkimbizi karatasi yake ya kuandikishwa, vyote vitiwe katika mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Mfuko huo ukae kifuani mwa mama, chini ya nguo, wala usitupwe ndani ya mzigo unaoweza kuporwa au kuachwa. Nakala zibebwe na mtu mwingine wa nyumba, na picha zake zihifadhiwe kwenye simu. Fedha ziwe noti ndogo ndogo na zigawanywe mahali pawili, maana siku ya kukimbia hakuna mwenye chenji.

Tatu ni dawa. Mgonjwa wa shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu au UKIMWI awe na akiba ya dawa ya juma moja au mawili, pamoja na kadi yake ya hospitali. Akiba hiyo ibadilishwe kila anapochukua dawa mpya, ili isipitwe na wakati.

HESABU YA MAJI

Wengi hukosea katika maji. Mtu mmoja huhitaji kiasi cha lita 3 kwa siku za kunywa tu. Familia ya watu sita itahitaji lita 18, na lita 18 ni kilo 18. Kwa siku tatu ni kilo 54, mzigo unaokaribia uzito wa mtu mzima. Hakuna mama atakayebeba kilo hizo na mtoto mgongoni.

Jibu lake ni kubeba maji kidogo na njia ya kusafisha mengine. Kila mtu awe na chupa yake iliyojaa. Mfukoni kuwe na vidonge vya klorini, sufuria nyepesi yenye mfuniko, kitambaa safi cha kuchujia na viberiti vilivyofungwa ndani ya nailoni. Maji yakichemka kwa nguvu kwa dakika moja yanafaa kunyweka. Kwenye milima mirefu yaachwe dakika tatu. Kuni zikikosekana, maji maangavu yatiwe katika chupa nyeupe ya plastiki na kuanikwa juani kwa saa 6, au kwa siku mbili ikiwa mawingu ni mengi.

Kuhara huua watoto upesi wakati wa kuhamahama. Yafaa basi kuandaa mapema vifurushi vidogo, kila kimoja kikiwa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Kifurushi kimoja huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi.

JINSI YA KUPANGA

Chini ya mfuko viwekwe vitu vya kulalia: blanketi moja jepesi, leso na nguo za kubadili. Katikati chakula kisichohitaji kupikwa, kama karanga na biskuti. Juu kabisa tochi, koti la mvua, sabuni, pedi za wanawake na dawa, kwa sababu ndivyo vinavyotakiwa kwanza. Kisha mfuko ubebwe na yule yule atakayeubeba siku ya dharura, atembee nao kilometa moja. Akirudi anahema, upunguzwe.

Familia za askari na polisi zina sharti moja zaidi. Sare, risasi na vifaa vya kazi visitiwe kamwe katika mfuko wa nyumba. Hivyo ni mali ya serikali, na katika vita sare moja ndani ya mzigo wa mama yaweza kuifanya familia nzima itiliwe shaka kizuizini. Mfuko wa baba ni wa kazi, mfuko wa nyumba ni wa raia, visichanganywe.

SIKU YA UKAGUZI

Mfuko usiokaguliwa ni sawa na bunduki yenye kutu. Nchini Japani tarehe 1 Septemba ya kila mwaka ni siku ya kujiandaa na maafa, kwa kumbukumbu ya tetemeko la 1923 lililoua watu zaidi ya 100,000, na familia nyingi hukumbushwa siku hiyo kutazama mifuko yao ya dharura. Katika Nkole misimu miwili ya mvua yafaa kuwa kalenda: ukaguzi mmoja kabla ya mvua za Machi, na mwingine kabla ya zile za Septemba. Betri zijaribiwe, chakula kibadilishwe, nguo za watoto zilinganishwe na vimo vyao, maana mtoto hakui kwa kungoja mfuko.

Baba aliye likizoni aongoze ukaguzi wa kwanza, kwa kuwa kazi hiyo anaijua. Ukaguzi wa pili aongoze mama, na baba akae pembeni anyamaze. Mama akiweza kutaja kila kitu kilipo bila kuufungua mfuko, nyumba hiyo iko tayari.