Bushi au beringi? Swali dogo linalomlaza dereva njiani Safari Rally

JUNI 2021, asubuhi ya siku ya mwisho ya Safari Rally kule Naivasha, Thierry Neuville wa Hyundai alikuwa akiongoza kwa karibu dakika nzima. Ilibaki kumalizia tu. Hatua ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, ikamtibulia kila kitu: shokapu ya nyuma upande wa kulia ilivunjika, mbio zikaishia hapo. Sébastien Ogier wa Toyota akabeba ushindi, Takamoto Katsuta akashika nafasi ya pili.

Tangu ianze mwaka 1953, Safari imekuwa ikiwapima madereva kwa mawe, mashimo na vumbi laini kama unga. Mzigo wote huo unaishia kwenye shokapu na vile vishikizo vyake viwili, cha juu na cha chini. Na hapo ndipo mafundi wa magari ya mbio hawaelewani: ufunge bushi au beringi?

Mpira unasamehe

Bushi ni mpira uliobanwa kati ya bomba dogo la chuma na jicho la shokapu, bolti inapita katikati. Uzuri wake ni uvumilivu. Gari likigonga jiwe, mpira unameza sehemu ya kishindo kabla hakijafika kwenye bodi. Vumbi haliusumbui sana, hautaki grisi, na bei yake haiumizi.

Ubaya wake ni kwamba mpira unabonyea. Tairi likianza kupanda, mwendo wa kwanza kabisa unaliwa na bushi, shokapu bado haijaanza kazi. Kwa gari la nyumbani hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwa dereva anayesaka sekunde, gari linachelewa kumjibu kwenye kona.

Beringi haina simile

Beringi inayotumika hapa ni ile ya tufe: mpira wa chuma unaozunguka ndani ya pete. Haibonyei. Tairi likiguswa kidogo tu, shokapu inafanya kazi papo hapo, nayo inageuka kwa uhuru bila kukaza. Ndiyo maana magari ya mbio yanaipenda.

Lakini kila kishindo kinapanda moja kwa moja kwenye bodi, na vumbi likiingia linaisaga kama msasa. Ikianza kuchezacheza inagonga "ko-ko-ko", na kila mgongo unaipanua zaidi. Timu kubwa haina shida, mafundi wanabadilisha kipuri wakati wa matengenezo. Dereva anayejilipia mwenyewe mafuta, matairi na fundi ana hesabu nyingine kabisa.

Nani afunge nini?

Anayeshiriki mara chache, au gari la mbio ndilo hilo hilo la kumrudisha nyumbani, bushi mpya ngumu kidogo zinamtosha. Anayefukuzia nafasi za juu afunge beringi, ila azifunike vizuri, azikague kila baada ya mashindano na awe na za akiba kwenye boksi. Wapo wanaochanganya, beringi juu na bushi chini, ili shokapu iwahi kujibu lakini mawe yasifike yote kwenye bodi.

Kuna makosa mawili yanayoua vyote viwili. La kwanza, kukaza bolti za bushi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Likishushwa, mpira unabaki umejisokota na kuchanika mapema. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake. La pili, kufunga beringi bila kupima tairi likishuka hadi mwisho. Pembe ikizidi uwezo wake, jicho la shokapu linagonga kishikizo, na kinachokatika ni chuma.

Gari lenye beringi linaweza kushinda kila hatua ya Jumamosi. Lakini kombe la Safari linatolewa Jumapili, na ili ulichukue lazima gari liwe bado linatembea.