Tazama Tundu la Mkojo Kabla ya Jando

Figo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo hukaa kwenye kibofu, kisha hutoka nje kwa kupita katika mrija mwembamba. Kwa mtoto wa kiume mrija huo hupita ndani ya uume, na tundu lake huwa kwenye ncha kabisa.

Lakini wako watoto wanaozaliwa tundu likiwa upande wa chini wa uume: karibu na ncha, katikati, au hata kwenye mfuko wa pumbu. Katika kila wavulana 200 hadi 300 hivi, mmoja huzaliwa hivyo. Mrija huo hujijenga mtoto akiwa tumboni, mimba ikiwa na miezi miwili hadi mitatu na nusu. Usipojifunga mpaka mwisho, tundu hubaki chini. Mama hakukosa kitu, wala hakuna aliyeroga.

Utamjuaje? Mkojo wake huelekea chini. Pengine uume umepinda. Tena govi limekaa juu tu kama kofia, chini hakuna. Ndiyo maana watu wengine hufurahi na kusema, "Huyu kazaliwa ametahiriwa!" Wengine humpeleka kwa ngariba, eti amalizie kidogo kilichobaki.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Ngozi ya govi lile ndiyo daktari mpasuaji huitumia kutengenezea mrija. Fundi cherehani atashonaje kiraka ikiwa kitambaa kimetupwa? Daktari anaweza kutafuta ngozi mahali pengine, lakini kazi huwa ngumu zaidi. Kwa hiyo mtoto huyo asitahiriwe, jandoni wala hospitalini, mpaka daktari mpasuaji amwone.

Baba, mama, bibi, mnapomwogesha mtoto mtazameni. Si aibu. Mkiona hali hiyo, mwonyesheni mganga wa zahanati, awaandikie barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Upasuaji mara nyingi hufanywa mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18. Tundu likiwa karibu sana na ncha, pengine daktari atasema aachwe tu. Lakini kama kokwa nazo hazishikiki kwenye pumbu, msingoje hata wiki.

Asiyetengenezwa huenda akakojoa kwa kuchutama, wenzake wakamcheka, na akioa huenda akapata shida ya kuzaa.

Na kama ameshatahiriwa? Mpelekeni vilevile.