Muziki Nao Ni Kazi

Wako vijana wetu wa mashamba ya chai na viwandani ambao kila jioni hushika gitaa wakiwaza kuacha kazi na kuingia bendi. Hatuwakatazi. Ila wajue kwamba kazi ya muziki ina milango mingi, na kila mlango una mwenyewe. Tuwatazame jirani zetu wa Tanzania.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha huko, NUTA, kilianzisha bendi ya NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na mwanamuziki alilipwa mshahara kama karani. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa Juwata, kisha OTTU, mwishowe Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilikuwa na Urafiki Jazz. Polisi walikuwa na yao, na hata shirika la bima! Mshahara ulikuja ingawa mvua imeharibu dansi. Kasoro yake ni kwamba anayeacha kazi huondoka mikono mitupu. Gitaa, spika na jina la bendi hubaki kwa mwenye mali. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa ya shirika la magari ya teksi. Shirika hilo lilipoanguka, mwaka 1983 bendi ikawa ya DDC.

Wanamuziki wa Maquis, waliotoka Kongo, walishika njia nyingine. Waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO. Njia hii sisi tunaipenda zaidi, ingawa hasara nayo ni yenu wote.

Tena si lazima uimbe. Bendi inataka fundi mitambo, dereva, mkata tikiti na mtu wa kutengeneza vyombo. Fundi wa umeme wa kiwandani ana ujuzi wa kuanzia tayari, na bila fundi mitambo mwimbaji hodari hasikiki meza ya tatu.

Lakini tazameni uzee. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz, akapitia Mlimani Park, akarudi Msondo. Alistaafu mwaka 2013 baada ya miaka zaidi ya hamsini ya kazi, hana mali ya kutajika. Kijana Diamond Platnumz akampa gari. Akafariki mwaka 2014. Tunamshukuru aliyetoa, lakini zawadi si pensheni. Nyimbo zake zilikuwa zikipigwa redioni miaka yote hiyo.

Tanzania ilitunga sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999, na sisi hapa Uganda mwaka 2006. Sheria haimfuati mtu nyumbani. Kijana akipewa karatasi ya mkataba na bendi, ailete kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi. Aulize vyombo ni vya nani, wimbo utaandikishwa kwa jina la nani, na akiba yake itapelekwa NSSF au hapana.