Tope la Tana na Swali la Nani Alipe

Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981 lilikuwa na nafasi ya maji ya mita za ujazo milioni 1,560. Mwaka 2011 kina chake kilipimwa upya kwa mashua yenye kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti hadi sakafuni na kusikiliza yanavyorudi. Ilionekana kwamba nafasi iliyobaki ni takriban milioni 1,402. Tofauti, kama mita za ujazo milioni 158, imejaa udongo. Lori la mchanga linalobeba mita 10 za ujazo lingehitaji safari milioni 15.8 kuuondoa. Kwa safari moja kila dakika, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, kazi hiyo ingechukua miaka 30. Na ndiyo miaka iliyopita kati ya kukamilika kwa bwawa na kipimo kile: kwa wastani, kila dakika ya miaka hiyo, lori moja la udongo lilimwagwa Masinga bila dereva.

Masinga ni la kwanza, kutoka juu, katika msururu wa mabwawa matano ya umeme ya mto Tana, Kenya, yanayoitwa Seven Forks, kwenye mpaka wa kaunti ya Embu na jirani zake wa Machakos na Kitui. Chini yake yamefuatana Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mpangilio huo si wa umri. Kindaruma ndilo la zamani zaidi, la mwaka 1968. Kamburu likafuata 1974, Gitaru 1978, na Kiambere 1988. Kwa hiyo kuanzia 1974 hadi Masinga lilipojengwa, Kamburu ndilo lililokuwa la kwanza kulipokea tope la Tana. Hata baada ya hapo halikupumzika, kwa kuwa mto Thiba huingia humo moja kwa moja bila kupitia Masinga, na Thiba ndio unaobeba maji ya Rupingazi, mto unaopita kando ya mji wa Embu. Masinga hulishwa na udongo wa Murang'a, Nyeri na sehemu ya Kirinyaga. Udongo wa shamba la kahawa juu ya mji wa Embu hushukia Kamburu.

Jinsi udongo unavyojaza bwawa huweza kuonekana katika chupa moja. Maji ya Rupingazi yakichotwa mwezi wa Aprili, mvua ndefu ikiwa imekolea, huwa mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Chupa ikitulia mezani, mchanga mwembamba huzama kwanza: punje ya sehemu moja ya kumi ya milimita hushuka mita moja kwa takriban dakika mbili. Punje ya mfinyanzi iliyo ndogo mara hamsini kuliko hiyo huhitaji zaidi ya siku tatu kushuka umbali huohuo, maana mwendo wa kuzama hupungua kwa mraba wa upana wa punje. Mtoni punje hizi hazipati nafasi ya kutulia, maji yanazichapa na kuzirusha. Bwawani mkondo hufa ghafla. Mchanga hutua pale pale mto unapoingia na kujenga ulimi wa nchi kavu unaosogea ndani mwaka hadi mwaka. Mfinyanzi husafiri mbali zaidi, wakati mwingine ukitambaa sakafuni kama maji mazito chini ya maji mepesi, hadi karibu na ukuta.

Ndiyo maana hesabu ya wahandisi wa zamani ilidanganya kidogo. Kila bwawa huachiwa chini sehemu isiyotumika, kama stoo ya tope, ikidhaniwa kwamba tope lote litakwenda huko. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa hutua juu, mlangoni mwa mto, ndani ya nafasi ileile inayotakiwa kuhifadhi maji ya kiangazi. Mwaka wa mvua nyingi hasara haionekani, bwawa hujaa na kumwagika kama ilivyokuwa mwaka 2024. Huonekana mwaka wa ukame. Mwezi Juni 2009 maji ya Masinga yalipungua hadi mitambo yake ikazimwa. Ukame ndio uliokuwa chanzo, lakini kila mita ya ujazo iliyokaliwa na udongo ni mita ambayo haikuwa imewekewa maji ya akiba.

Sasa nani alipe? Kwa kitu kilichotelekezwa majini, sheria ya dunia ina jibu, na jibu hilo lilipitishwa Kenya. Mei 2007, katika ofisi za Umoja wa Mataifa Nairobi, mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wa kuondoa mabaki ya meli, unaoitwa hadi leo Mkataba wa Nairobi. Ulianza kutumika Aprili 2015. Meli iliyozama au kukwama na kuhatarisha njia au mazingira huondolewa kwa gharama ya mwenyewe, na kila meli ya tani 300 na zaidi lazima iwe na bima ya gharama hiyo. Mashua ndogo zisizo na bima hubaki tatizo, ndiyo maana jimbo la Washington huko Marekani lilitunga sheria mwaka 2002 ya mfuko unaotokana na ada ya usajili wa boti: wanaosajili huchangia kuondoa zile zilizoachwa zioze bandarini. Mfuko wa namna hii unawezekana kwa sababu boti ina nambari, na nyuma ya nambari kuna jina.

Tope halina nambari. Hakuna maabara itakayosema kwamba gramu hii ni ya shamba la fulani wa Runyenjes, Embu, na ile ni ya jirani yake. Kanuni ya mchafuzi kulipa, nzuri kama ilivyo, hapa haina mlango wa kubisha. Mwenye hasara anajulikana: kampuni ya KenGen inayozalisha umeme, na kila anayeutumia. Wenye kusababisha ni makumi ya maelfu ya familia zenye ekari moja au mbili, pamoja na mvua. Deni la aina hiyo huishia kwa fedha za umma, iwe kwa hiari au kwa kuchelewa.

Njia ya kuchelewa ni kuzoa. Mtambo wa kunyonya tope huelea juu ya bwawa na kusukuma tope hilo kwa bomba hadi nchi kavu. Hata kama kila mita ya ujazo ingetolewa kwa dola 3 tu, bei ambayo ni ya kubahatisha kwa upande wa chini, kuliondoa tope lililopimwa Masinga mwaka 2011 kungegharimu zaidi ya dola milioni 470, na siku kazi inapokwisha mto ungekuwa umeshaleta jingine. Halafu lingewekwa wapi? Yapo mabwawa duniani yanayosafishwa kwa kufungua milango ya chini ili mkondo ubebe tope, lakini hilo hutaka bwawa lishushwe karibu na utupu, na bwawa la akiba ya taifa haliwezi kumwagwa kwa ajili ya usafi. Njia nyingine ni kuinua ukuta. KenGen imekuwa na mpango wa kuuongeza ule wa Masinga kwa mita 1.5. Huko ni kununua nafasi mpya bila kuigusa iliyopotea.

Kinachobaki ni kuuzuia udongo kabla haujafika mtoni, na hapa Kiswahili kimeipa dunia msamiati wake. Vitabu vya hifadhi ya udongo vya Kiingereza huandika "fanya juu" bila kutafsiri. Kazi yenyewe huanza na vijiti viwili vya urefu mmoja, kamba kati yao, na pimamaji ikining'inia katikati. Mmoja husimama na kijiti, mwenzake hupanda na kushuka mteremko hadi kiputo cha pimamaji kitulie katikati, kisha kigingi hupigwa. Vigingi vikiunganishwa hutokea mstari usiopanda wala kushuka, ukizunguka kilima. Hapo huchimbwa mtaro, na udongo wake hurushwa upande wa juu. Ndiyo maana ya jina. Juu ya tuta hupandwa majani ya nepia, ng'ombe hupata chakula na mizizi hushika tuta. Kila mvua huleta udongo unaosimama nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka ngazi bila mtu kuzisawazisha kwa jembe.

Mbinu hiyo ina historia yenye kovu. Wakati wa ukoloni matuta yalichimbwa kwa amri ya chifu, na mwaka 1947 wananchi wa Murang'a waligoma kuyachimba. Mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo, ulioanza 1974 kwa msaada wa Uswidi, ulilazimika kuyafundisha upya kama kazi ya hiari. Ugumu wa leo ni mwingine. Tuta hula ardhi, na kwenye ekari moja mstari wa nepia ni mstari uliokosa mahindi. Mkulima hulipa mwaka huu. Umeme unaookolewa huwaka Nairobi baada ya miaka kumi. Kuchangia gharama ya matuta kwa fedha za umma, kwa hiyo, si sadaka kwa mkulima. Ni malipo ya kazi.

Malipo hayo yamepita njia kadhaa. Anayenunua tokeni za umeme Kenya, akisoma mchanganuo wa bei, hukuta tozo ndogo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayotokana na umeme wa maji. Senti chache, lakini ndiyo sehemu moja ambapo mlaji wa umeme na mlima unaomlisha hukutana kwenye karatasi. Kuanzia 2004 mradi wa majaribio wa upande wa mashariki wa Mlima Kenya ulifanya kazi Embu na Meru kwa mkopo wa IFAD, mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, na ruzuku ya mfuko wa mazingira wa dunia. Mwaka 2012 ulirithiwa na mradi mkubwa zaidi wa Tana ya Juu, makao yake yakiwa mjini Embu, uliogusa kaunti 6 kwa bajeti ya takriban dola milioni 69: vyama vya watumiaji maji, misitu ya jamii, kingo za mito, matuta. Sambamba na huo, mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulizinduliwa 2015, ukichangiwa na makampuni na kampuni ya maji ya jiji. Hesabu yake ilionyesha kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa mashambani zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30.

Kuna mchafuzi mmoja ambaye hesabu hizi humpita kimya, na huyu ana anwani. Barabara za udongo hukusanya maji ya mvua kama mabati ya nyumba na kuyatoa yote kwa mdomo mmoja wa mtaro, mara nyingi katikati ya shamba la mtu. Korongo huanzia hapo. Serikali inayomfundisha mkulima kufanya juu ndiyo, kupitia greda lake, inayoelekeza maji kwenye matuta yake. Shilingi inayotumika kuyatawanya maji ya barabara kila baada ya hatua chache huenda ikaokoa udongo mwingi kuliko semina kadhaa.

Meru inaonyesha mipaka ya mtindo wa mnunuzi kumlipa mkulima. Kathita unaopita mji wa Meru, na Mutonga ulio kusini yake, huingia Tana chini ya Kiambere. Tope lao halimgusi mwenye mtambo yeyote wa umeme. Hushuka hadi nyika za Garissa na delta. Mfuko wa makampuni ya Nairobi hauna sababu ya kibiashara ya kupeleka hata mche mmoja wa nepia Imenti, huko Meru, na haukupeleka. Maeneo yake ni ya mito inayolisha Nairobi na Masinga. Fedha zilizofika Meru zilikuwa za umma, za mradi wenye makao Embu, kwa sababu mkopo wa serikali hauulizi kwanza nani mteja aliye chini. Serikali kwa miaka mingi imepanga bwawa la High Grand Falls, chini ya makutano ya Mutonga na Tana. Likijengwa, tope la Mutonga nalo litapata mtu wa kulipima kwa mashua, na hesabu ya malori itaanza upya huko.