Chakula cha Ndia Kuu kina saa zake

Mgeni anayetoka Fort Jesus saa sita mchana akiwa na njaa huingia Ndia Kuu akakuta milango ya nakshi, maduka ya vinyago na baraza zisizo na watu. Hupiga picha mbili tatu, huulizia mahamri aliyosifiwa, huambiwa yamekwisha, kisha hupanda tuktuk kurudi hotelini Nyali au Bamburi. Huondoka akiamini kwamba Mji wa Kale hauna chakula cha kuuza. Kumbe kwa chakula kimoja amechelewa saa tano, na kwa kingine amewahi saa nne.

Ndia Kuu ni jina la Kimvita, na "ndia" ni njia. Barabara hii huanzia upande wa ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikaelekea kaskazini kati ya nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, hadi karibu na bandari ya zamani. Tangu UNESCO ilipoitia Fort Jesus katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria Miritini mwaka 2017, wanaofika hapa hawakosekani. Wanaokula hapa ni wachache zaidi. Sehemu kubwa ya chakula cha mtaa huu haipikwi kwenye mikahawa yenye vibao. Hupikwa majumbani, kikauzwa kwenye meza ndogo mlangoni au kwenye kona ya kichochoro, na wanaokiuza wengi wao ni akina mama.

Mahamri ndiyo mfano mzuri. Unga hukandwa jioni kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke usiku kucha. Mbaazi nazo hurowekwa usiku huo huo. Mpishi huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akachemsha mbaazi, akatia tui, akabandika karai ya mafuta. Kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi wateja wa kwanza wamekwisha fika: watoto waliotumwa na sahani, wafanyakazi wa bandarini, wazee wanaotoka msikitini. Saa tatu sufuria inakaribia kukwanguliwa.

Hapo ndipo penye hesabu ya mpishi. Mbaazi za tui hazilali. Zikishinda kutwa kwenye joto la Mombasa huchacha. Kwa hiyo mama hupika kiasi anachojua kitaondoka, wala hapiki zaidi kwa kutarajia wageni ambao huenda wasije. Mgeni wa saa sita hamsaidii kitu. Wageni kumi wanaofika saa moja asubuhi, tena mara kwa mara, humfanya aongeze kilo ya unga. Mahoteli yanayopanga ziara za Mji wa Kale yangefanya vyema kuwatoa wageni wao kabla ya kifungua kinywa, si baada yake.

Adhuhuri ni zamu ya mikahawa midogo ya ndani: pilau, biriani, wali wa nazi kwa samaki wa kupaka. Siku ya Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa swala, na haifai kubisha. Samaki nao wana majira yao. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, mashua ndogo hazitoki kila siku, na bei hupanda. Afadhali kuuliza, "Leo kuna samaki gani?" kuliko kuagiza kwa jina lililosomwa kwenye kitabu cha safari.

Baada ya swala ya alasiri mtaa huamka tena. Viazi vya karai, vilivyochovywa kwenye rojo la unga lenye manjano, hutoka motoni vikatiliwa ukwaju na pilipili. Pana bajia, katlesi, sambusa, mihogo ya kukaanga, na embe mbichi za chumvi na pilipili ambazo wanafunzi hawapiti bila kununua. Magharibi ikiingia huwashwa makaa ya mishkaki, na supu ya pweza huanza kunywewa kwa vikombe. Wauza kahawa hukaa na madele yao ya shaba juu ya makaa. Kikombe ni kidogo, kahawa ni chungu, na utamu hutoka kwenye kashata au halwa inayoliwa pembeni.

Je, ni salama? Swali hili huulizwa kwa haki. Katiba ya 2010 imekabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya na kuwa na cheti kinachofanywa upya kila miezi sita. Mteja ana haki ya kukiuliza, kwa adabu. Zaidi ya cheti, macho yatumike: chakula kitoke motoni kikiwa moto, kiwe kimefunikwa, na pawe na maji ya kunawa. Foleni ya wenyeji pia ni ushahidi, maana jirani aliyeumwa tumbo jana harudi leo.

Adabu za mezani si ngumu. Muuzaji husalimiwa kwanza, na aliye mtu mzima hupewa shikamoo. "Mama, mahamri bado yapo?" inatosha kuanzia mazungumzo. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Mavazi yawe ya heshima, na picha ya mtu au ya mlango wake isipigwe bila ruhusa. Bei ni ile anayolipa jirani. Si vizuri kumpandishia mgeni, wala mgeni kumbana mama kwa shilingi kumi. Noti kubwa asubuhi huwa taabu kwa chenji, kwa hiyo pesa ndogo au M-Pesa ni bora. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, basi anayetaka kubeba mbaazi na aje na chombo chake, kama wafanyavyo watoto wa mtaa.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii yote hugeuka. Mchana meza nyingi huwa hazipo. Huanza kupangwa baada ya alasiri, na chakula hununuliwa kwa kubebwa nyumbani kwa ajili ya futari. Adhana ya magharibi ikisomwa, mtaa hutulia kwa muda. Baada ya tarawehe makaa huwashwa upya na biashara huendelea hadi usiku wa manane.