Gari la Miaka Mingi Likipata Ajali: Fidia Hukokotolewaje?

Mmiliki wa gari kuukuu huenda akashangaa kuambiwa kwamba gari lake limeharibika kabisa, ilhali fundi wa mtaani yuko tayari kulinyoosha. Kampuni ya bima haina maana kwamba bodi imeshindikana. Maana yake ni kuwa gharama ya matengenezo inakaribia au inazidi thamani ya gari.

Thamani hiyo ni bei ya soko kabla tu ya ajali, si bei uliyonunulia. Tuseme umekata bima kubwa kwa shilingi 20,000,000, ilhali sokoni gari lina thamani ya 12,000,000. Likiharibika kabisa, kipimo cha fidia ni 12,000,000, ingawa ada umelipia milioni 20. Kupunguza nako kuna hasara. Ukiandikisha 8,000,000 ili ada iwe ndogo, na mkataba ukawa na kipengele cha bima pungufu, hasara ya 3,000,000 italipwa theluthi mbili tu, yaani 2,000,000. Ni busara gari lithaminiwe upya kila bima inapohuishwa.

Spea ndizo huzua ugomvi zaidi. Gari la miaka 15 likifungwa taa au bampa jipya, kampuni yaweza kukutaka uchangie sehemu ya bei kwa sababu ya uchakavu. Uliza mapema, kabla ya kulipa ada, iwapo mkataba unaruhusu spea zilizotumika.

Usianze matengenezo kabla mkadiriaji hasara hajalikagua gari. Piga picha, na vipande vilivyong'olewa visitupwe.

Ukilipwa fidia ya gari zima, mabaki huwa mali ya kampuni. Waweza kuomba ubaki nayo, thamani yake ikakatwa katika malipo. Lakini chasi ikiwa imepinda, nafuu hiyo ni ya karatasini. Soma pia hati ya kukubali malipo: ukiisaini kuwa ni malipo ya mwisho, kudai nyongeza baadaye ni vigumu.

Mwenye bima ya mtu wa tatu pekee hatatengenezewa gari lake na kampuni yake. Kama kosa ni la dereva mwingine, dai lielekezwe kwa bima ya dereva huyo.

Usiporidhika, andika kwanza malalamiko kwa kampuni na utunze nakala. Mkishindwa kuelewana, nchini Tanzania shauri hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.