Talaka Bila Daftari

Jirani yangu mmoja hapa Mpendae, Unguja, aliinama, akafungua sanduku lake, akatoa kanga iliyokunjwa vizuri. Ndani ya kanga mlikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha karatasi moja tu. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la skuli, upande mmoja bado una meno pale ulipochanika. Kwa kalamu ya buluu, aliyekuwa mumewe ameandika kwamba yeye, fulani bin fulani, amemwacha mkewe, fulani binti fulani, talaka moja. Chini ametia sahihi. Tarehe hakuna. Shahidi hakuna.

"Ndiyo talaka yangu hiyo, mwanangu," aliniambia. "Miaka yote nimeitunza."

Sasa ameposwa, na kwa ajili ya ndoa mpya ametakiwa aoneshe hati ya talaka. Karatasi ya daftari haikutosha. Aliyeiandika ameshahama, na waliokuwepo siku hiyo wawili wamefariki. Mama wa watu amebaki kati: mume hana, na ushahidi wa kwamba hana mume pia hana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi Waunguja tumeishika methali hiyo dukani na shambani, lakini kwenye talaka tumeiacha. Harusi tunaiandika. Kadhi huja na kitabu chake, mashahidi hutia sahihi, watu hupiga picha. Siku ya kuachana, jambo lenye uzito uleule, tunaridhika na neno la mdomo, ujumbe wa simu, au kijikaratasi anachopewa shangazi akipeleke.

Neno limepita, ushahidi uko wapi?

Masheikh wetu wametufundisha kuwa talaka hupita kwa kauli ya mume, na kwamba si jambo la kuchezewa. Lakini dini hiyohiyo imetuusia ushahidi. Surat At-Talaq inaamrisha washuhudie waadilifu wawili, na Surat Al-Baqara inaamrisha hata deni liandikwe. Kama deni la fedha linataka karani, ndoa ya watu wenye watoto inataka zaidi.

Tarehe ina kazi kubwa. Eda ya mwanamke aliyeachwa huhesabiwa kuanzia siku ya talaka: twahara tatu kwa anayepata ada yake, miezi mitatu kwa asiyepata, na kwa mwenye mimba mpaka ajifungue. Bila tarehe, hakuna ajuaye eda imeanza lini wala imekwisha lini. Katika talaka rejea, mume anaweza kumrudia mkewe ndani ya eda bila ndoa mpya. Eda ikipita, hana haki hiyo tena mpaka waoane upya kwa ridhaa ya mke na mahari mengine.

Mauti nayo hayangoji. Mume akifa mke akiwa bado ndani ya eda ya talaka rejea, mke huyo anarithi. Akifa eda imeshakwisha, hana fungu. Watu wanapokaa kugawa mirathi, suala huwa moja: alimwacha lini? Ndugu wa marehemu watasema lao, mke atasema lake, na karatasi isiyo na tarehe haitamsaidia yeyote.

Kisha kuna hesabu ya talaka zenyewe. Ilikuwa ya kwanza, ya pili au ya tatu? Mume anakumbuka mbili, mke anakumbuka tatu. Tofauti ya hapo si ndogo, kwa sababu baada ya tatu hakuna kurudiana mpaka mke aolewe na mume mwengine kwa ndoa ya kweli na waachane. Jambo la halali na haramu haliwezi kutegemea kumbukumbu za watu waliogombana.

Njia ya mahakamani

Mwanamke wa Mpendae anayetaka kudai haki yake huanzia kwa sheha, kiongozi wa shehia yake. Sheha huwaita wote wawili, huwasikiliza, na hujaribu kusuluhisha. Qurani nayo, katika Surat An-Nisaa, imeagiza hakamu mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke. Suluhu ikishindikana, sheha huandika barua, na kwa barua hiyo mwanamke huenda Mahakama ya Kadhi ya wilaya. Abebe pia hati ya ndoa, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na majina ya mashahidi wanaojua habari yao. Hapo madai huandikwa na kufunguliwa jalada, na mume huitwa kwa samansi.

Watu wengi hudhani mahakama ya kadhi ni ya wanaume. Sivyo. Mtafiti Erin Stiles, aliyekaa mahakama ya Mkokotoni mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuandika kitabu juu yake, aliona kuwa kesi nyingi zilifunguliwa na wanawake. Walikuja kudai matumizi, kudai talaka, na wengine kutaka tu talaka waliyokwishapewa ithibitishwe na kuandikwa. Bibi zetu waliijua njia hii, na sisi tusiiogope.

Mbele ya kadhi kuna milango zaidi ya mmoja. Mume anaweza kutoa talaka mahakamani na ikaandikwa. Mke asiyetaka kuendelea anaweza kuomba khului, akarudisha mahari au kutoa kitu wanachokubaliana ili ajivue. Na kama mume amemtelekeza, hampi matumizi au anamdhuru, kadhi anaweza kuivunja ndoa kwa faskhi baada ya kuthibitisha. Mwanamke aliyetelekezwa asikubali kuambiwa ainunue talaka kabla hajauliza kama anastahiki faskhi. Tofauti ya milango hiyo ni tofauti ya nani anatoa fedha mfukoni.

Sheria inayoongoza sasa ni Sheria ya Mahakama ya Kadhi Nam. 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Sheria hiyo imempa kadhi uwezo wa kusikiliza pia madai ya mgawanyo wa mali waliyochuma wanandoa, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo mama aliyetoa fedha za upatu kununua matofali ya nyumba, aweke risiti na mashahidi wake. Mchango usioonekana ni mgumu kuuthibitisha.

Na tusichanganye sheria za pande mbili za Muungano. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara, haitumiki Zanzibar. Kule Bara, kwa kawaida, anayetaka talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kwenda mahakamani. Aliyeoa Dar es Salaam akaishi Unguja aulize mapema kesi yake ipelekwe wapi. Na wasio Waislamu hapa Zanzibar mashauri yao ya ndoa husikilizwa na mahakama za kawaida, si kwa kadhi.

Ukiitafuta talaka ya zamani

Tangu zama za Waingereza Zanzibar ilikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu, Sura ya 91. Leo kazi ya kusajili vizazi, vifo, ndoa na talaka iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa Sheria Nam. 3 ya 2018. Aliyepoteza hati aanze huko. Kama talaka ilitolewa mahakamani, aende pia kwa karani wa mahakama hiyohiyo aombe nakala iliyothibitishwa kutoka kwenye jalada. Za zamani zaidi, za enzi za Usultani na Uingereza, ziko Nyaraka za Taifa, Kilimani. Mwanahistoria Elke Stockreiter alitumia kumbukumbu za mahakama za makadhi kuandika historia ya wanawake na ndoa hapa Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Wanawake waliofariki zamani bado wanasikika humo, wakidai mahari na matumizi yao, kwa sababu mtu mmoja aliandika.

Usiende mikono mitupu. Chukua majina matatu ya kila mmoja: lake, la baba na la babu. Mwanamke wa Kizanzibari habadili jina akiolewa, basi mtafute kwa nasaba ya babake. Andika kila namna jina linavyoweza kuandikwa. Na tarehe. Wazee wetu watakwambia "aliniacha mfungo sita, baada ya maulidi". Usiidharau kauli hiyo. Waulize mwaka huo kulitokea nini, mtoto gani alizaliwa, kisha badilisha mwezi uupate kwa kalenda ya ofisini. Karani mwenye mwezi na mwaka atafungua kitabu kimoja. Asiye navyo atafungua vitabu vya miaka.

Na kama talaka haikusajiliwa kabisa, kama ya jirani yangu? Bado mlango haujafungwa. Nenda kwa sheha, kisha kwa kadhi, na yeyote aliye hai anayejua: jirani, ndugu wa mume, shangazi aliyebeba kijikaratasi. Omba talaka ithibitishwe na isajiliwe. Asiyeweza gharama za wakili awatafute wasaidizi wa sheria wa shehia, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, au ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imetambua kazi hiyo.

Wanaume, ninyi mna neno hili mikononi. Ikibidi kuachana, acheni kwa wema: tajeni tarehe, wekeni mashahidi wawili, mpelekeni mwenzenu kwa kadhi mkaandikishe, na msimwache mama wa watoto wenu na ukurasa wa daftari. Na wewe dada uliyeachwa, ukipewa karatasi leo usiifungie kwenye kanga. Ipeleke ikasajiliwe wiki hiihii, waliokuwepo wangali hai.